Kabla Mkasi Haujagusa Jora

Barua za safari hii nimechagua zile zinazohusu ndala za ndani. Naona biashara imechangamka: loji zinataka za taulo, wenye nyumba Moshi na Arusha wanataka za manyoya kwa baridi la Juni na Julai, na wapo wanaowalenga watalii kwa ndala za ngozi. Sawa kabisa. Lakini karibu kila barua inamlaumu fundi, na nikiisoma vizuri naona fundi wa watu hana kosa. Mali ilikuwa mbovu tangu dukani. Na sheria ya madukani mnaijua: kitambaa kikishakatwa hakirudishwi.

Shikamoo mama. Niko Pasua, Moshi. Nimepata oda ya ndala za taulo jozi 200 kwa loji moja ya Arusha, rangi ya buluu iliyoiva na ukingo mweupe. Mwenzangu aliyefanya kazi kama hii anasema zake zilichuja, na baada ya kufuliwa zikasinyaa mpaka wageni wakawa hawaenei. Nikague nini kabla sijalipa?

Marahaba mwanangu, na hongera kwa oda. Usichukue jora siku hiyo hiyo. Nunua mita moja tu, kutoka kwenye jora lile lile utakalolichukua, kisha mwombe mangi, mwenye duka, akuwekee lililobaki kwa siku mbili tatu. Akikataa nenda duka la jirani. Mji wetu hauna njaa ya maduka ya vitambaa.

Kabla hujatoka, lipeleke jora mlangoni kwenye mwanga wa jua. Taa za tyubu zinadanganya: rangi mbili zinazofanana chini ya taa zinaweza kuachana kabisa nje. Kwa jozi 200 huenda ukahitaji zaidi ya jora moja; ikiwa hivyo, yaweke ubavu kwa ubavu hapo hapo mlangoni na usome namba ya loti kwenye lebo, yaani namba ya mkupuo mmoja wa kiwandani. Majora ya loti mbili yanaweza kutofautiana rangi hata kama yote yameandikwa jina moja la rangi. Meneja wa loji akiona mguu wa kulia una buluu yake na wa kushoto una yake, hatakuuliza habari za loti.

Ukifika nyumbani, kata kipande cha sentimita 10 kwa 10, ukipime kwenye mizani ndogo kama ile ya sonara. Gramu utakazopata zidisha kwa 100, hapo una uzito wa kitambaa kwa mita ya mraba. Kipande cha gramu 3.5 maana yake kitambaa ni cha gramu 350. Kwa ndala za loji mimi nataka kati ya 300 na 400. Chini ya hapo mgeni anahisi soli moja kwa moja. Juu ya hapo cherehani ya kawaida inaanza kukata nyuzi ukifika kwenye ukingo, ambako tabaka zinafika nne.

Sasa rangi. Funga kitambaa cheupe cha pamba kwenye kidole, sugua taulo mara kumi kwenda na kurudi, kwanza kikiwa kikavu, halafu rudia sehemu nyingine kikiwa kimeloa. Maabara wana mashine ya kazi hii na hesabu yao ni hiyo hiyo ya mara kumi. Kivuli chepesi cha rangi kwenye kitambaa kikavu kinavumilika. Kikitoka cha buluu kamili kilipoloa, achana na jora hilo, maana mgeni anaivaa ndala akitoka kuoga. Na kwa kuwa ukingo wako ni mweupe, ongeza jaribio moja: lowesha kipande cha taulo na kipande cha utepe mweupe kwa maji ya chumvi, vilaze pamoja, vikunje, vitie kwenye kopo lenye mfuniko na uliweke nyuma ya friji, pale penye joto, mpaka asubuhi. Jasho la mguu ndilo hilo. Utepe ukiamka na madoa, badilisha taulo au badilisha rangi ya ukingo. Mimi ningebadilisha taulo.

Kusinyaa kunapimwa kwa rula tu. Shona alama nne kwa uzi zinazotengeneza mraba wa sentimita 50 (kalamu itafutika), fua kama loji watakavyofua, anika, kisha fua tena. Waulize wanatumia maji ya moto? Wanatia jiki? Watu hawaulizi, halafu wanalia. Pima upya urefu na upana, kila mmoja peke yake, kwa sababu kitambaa mara nyingi kinasinyaa zaidi kwa upande wa urefu wa jora. Tuseme 50 imekuwa 47. Hiyo ni asilimia 6. Ndala yenye urefu wa sentimita 28 itapoteza karibu sentimita 1.7, na namba moja ya kiatu kwa vipimo vya Ulaya ni milimita 6 na ushee. Kwa hiyo aliyevaa 43 sasa ana 41 kasoro. Hapo ndipo wageni wa mwenzako walipokosa kuenea. Ikiwa kitambaa ni kizuri kwa mengine yote, kifue jora zima kabla ya kukata, na gharama ya kufua uiweke kwenye bei. Kikizidi hapo, mimi nakiacha.

La mwisho, chomeka pini kwenye kitanzi kimoja cha taulo uvute taratibu. Kitanzi kikikaza na kubaki pale, vizuri. Kikianza kuja kirefu na kuacha mstari mweupe nyuma yake, kucha ya mguu itafanya hivyo hivyo siku ya kwanza.

Fundi, habari za kazi. Nipo Sakina, Arusha. Nilinunua shiti za eva, lile povu la plastiki la soli, unene wa sentimita moja. Ndala zinatoka nzuri, ila haziishi mwezi, mteja anasema anakanyaga sakafu. Muuzaji anaapa ni eva. Nitajuaje?

Njema, kaka. Kiapo chake kiache, leta mizani. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10 kwenye shiti hiyo ya unene wa sentimita moja. Sponji ya godoro ya kawaida ya ukubwa huo haina zaidi ya gramu mbili tatu. Eva ya kufaa soli inaanzia kwenye gramu 10 hivi na kupanda. Nakisia chako kitakuwa katikati, yaani povu jepesi la kufungashia vitu, lile linalokuja limezungushiwa friji na televisheni. Kwa macho linafanana na eva, na kwa asili mara nyingi ni ndugu, ila limejaa hewa.

Uzito peke yake hautoshi. Nataka uone soli inavyorudi baada ya kukandamizwa. Chukua vipande viwili vya mbao ngumu na jiliwa. Weka kipande cha soli katikati ya mbao, na pembeni yake weka vijiti viwili vya unene wa milimita 5 ili jiliwa lisiweze kukaza kupita hapo. Kaza mpaka mbao ziguse vijiti. Acha usiku kucha. Asubuhi fungua, kunywa chai kama nusu saa bila kukigusa, halafu pima unene katikati ya kipande. Kikirudi milimita 9 nakichukua na kulipa bila maneno. Kikikomea 7, hapo ndipo mteja wako alipoikuta sakafu. Kati ya hizo, angalia ndala ni ya nani: ya mgeni wa usiku mmoja inapita, ya bibi anayeivaa tangu alfajiri haipiti.

Pima pia unene wa shiti yenyewe sehemu nyingi, pembeni na katikati, kabla hujaifikisha kwenye mkasi. Nimekutana na shiti zenye milimita 10 ukingoni, mahali muuzaji anapokuonyesha, na 8 katikati. Jozi ikitoka moja ya pembeni na moja ya katikati, mtu anatembea kama ana mguu mfupi.

Eva nyingine inasinyaa kwa joto. Chora mstari wa sentimita 20 kwenye kipande, kiweke juu ya bati juani kutwa nzima, pima jioni. Ndala ni za ndani, najua, lakini nani asiyezianika nje akishazifua?

Na kwa kuwa unasema wateja wako wengi ni wazee: mwaga maji ya sabuni kwenye marumaru, vaa soli yenyewe kabla hujaishona, shikilia ukuta, sukuma mguu mbele. Kama unateleza wewe mwenye nguvu, usimpe mzee. Vitambaa vya chini vyenye vidoti vya mpira ni vizuri, ila vikwaruze kwa kucha kwanza. Kuna ambavyo vidoti vinabanduka kama ukoko.

Shikamoo fundi. Gundi ya debe ninayotumia imeanza kuachia, hasa kwenye soli za plastiki laini. Pia kijana wangu wa kazi analalamika vidole vya miguu vinakufa ganzi. Himo.

Marahaba. Naanza na kijana, gundi itasubiri. Mpeleke hospitali leo na amweleze daktari kwamba anashinda kwenye gundi. Usimrudishe kwenye kazi hiyo mpaka aonwe. Miaka ya 1960 huko Japani mafundi wa ndala waliokuwa wakifanya kazi kwenye vyumba vya nyumbani, madirisha yamefungwa, waliugua hivyo hivyo: ganzi miguuni, kisha mikononi, kisha udhaifu wa misuli. Chanzo kilikuwa heksani, kimiminika kinachoyeyushia gundi, nacho kinaharibu neva polepole. Kwa hiyo kukagua gundi kunaanza na kusoma debe. Kama halina lebo inayosema kilichomo, nani kaitengeneza na mwisho wa matumizi, usilinunue hata kwa nusu bei. Gundi inayopimwa kwenye chupa za maji sokoni ndiyo kabisa. Na kazi ihamie barazani, penye upepo.

Sasa kuachia. Plastiki laini hulainishwa kwa mafuta maalumu, na mafuta yale yanahama polepole kuingia kwenye gundi ya kawaida ya viatu na kuilegeza. Inashika vizuri siku ya kwanza, ndiyo maana unaiamini. Soli ya namna hiyo inataka gundi ya poliyurethani. Jaribu kabla ya kununua debe: paka vipande viwili vyenye upana wa sentimita 2 na nusu, kimoja cha soli na kimoja cha kitambaa, acha gundi ikauke mpaka ukigusa kwa kidole haivutiki, bandika, gonga kwa nyundo, subiri siku nzima, kisha vuta kama unamenya ndizi. Kitambaa au soli ikichanika yenyewe, gundi imeshinda. Ikitoka safi upande mmoja na kuacha uso unaong'aa, gundi na soli hiyo hazielewani, na kuongeza gundi hakutasaidia. Kabla ya kumlaumu muuzaji, kwangua ule uso wa soli unaong'aa kwa msasa na urudie. Wakati wa masika rudia tena, maana hewa ikiwa na unyevu gundi inapata ukungu mweupe juu na kukataa kushika.

Mama, mablanketi ya mtumba ya soko la Memorial, Moshi, yanafaa kwa bitana ya ndani ya ndala? Bei inanivutia. Kiboriloni.

Yanafaa, na mimi ninayatumia. Pitisha sumaku polepole juu ya kila blanketi, pande zote mbili, kabla ya kulifua na baada. Pini, stepla na vipande vya sindano hujificha kwenye manyoya, na bitana inakaa kwenye nyayo za mtu. Kisha maji ya moto yanayofika nyuzi 60, kwa ajili ya kunguni na mayai yao. Sufu usiitie humo, itaganda na kusinyaa. Utaitambua kwa moto: choma nyuzi chache ukizishika kwa koleo. Sufu inanuka nywele zilizoungua na inajizima. Pamba inanuka karatasi na kuacha majivu laini. Polista inayeyuka na kuacha shanga nyeusi ngumu, na hiyo ndiyo utakayoikuta mara nyingi. Polista inapasha joto vizuri lakini hainywi jasho, kwa hiyo chini ya nyayo weka tabaka la pamba.

Niko Ngaramtoni. Nataka kushona ndala za ngozi ya kondoo, manyoya yakiwa ndani, kwa kutumia kondoo wa hapa hapa. Kuna mzungu wa Ujerumani anataka kuzipeleka kwao. Nikague ngozi vipi?

Kaka, tuanze na kondoo mwenyewe. Kondoo mwekundu wa Kimasai, mwenye mkia wa mafuta, ana nywele fupi, hana sufu. Ngozi yake ni nzuri na laini kwa uso wa ndala, lakini ule ulaini wa manyoya anaoufikiria mteja wako hautaupata hapo hata ukitafuta mnada mzima. Mwonyeshe kipande mapema. Akisisitiza sufu, ngozi itabidi itoke kwa kondoo wa aina nyingine, au ushone ngozi yako na uweke bitana ya sufu iliyogandamizwa.

Ngozi ikija kutoka kwa mtengenezaji, inuse kwanza. Harufu ya ngozi na mafuta ni sawa. Harufu ya choo cha zamani au ya nyama ni kuoza, na haiondoki kwa kuanika. Vuta nywele kidogo kwa vidole viwili sehemu tano sita. Zikitoka kwa mkupuo, ngozi ilichelewa kutiwa chumvi. Ikunje uso ukiwa nje, bana kwa nguvu: mikunjo midogo ni kawaida, nyufa si kawaida. Itazame kwa nyuma ukiielekeza kwenye jua, ndipo utaona mikato ya kisu cha mchinjaji na vitobo vya kupe. Vizungushie chaki, halafu hesabu ni ndala ngapi zinatoka kwenye sehemu iliyobaki. Bei ya ngozi uilinganishe na idadi hiyo, usiilinganishe na ukubwa wa ngozi.

Kwa Ujerumani kuna jambo ambalo pua na macho hayaliwezi. Tangu Mei 2015 Umoja wa Ulaya unakataza ngozi inayogusa mwili iwe na kromu ya aina ya sita inayofika miligramu 3 kwa kilo. Ngozi nyingi hutengenezwa kwa kromu ya aina ya tatu, ambayo haijakatazwa hivyo, ila ngozi ikitengenezwa ovyo au ikipigwa na joto kali sehemu ya kromu hiyo hugeuka kuwa ya aina ya sita. Hili linapimwa maabara, kwa hiyo omba cheti cha loti hiyo hasa unayonunua, na uliza Shirika la Viwango (TBS) kuhusu kipimo kabla hujasaini kitu na mteja. Njia nyingine ni ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya mimea, kama miwati inayolimwa Njombe. Muuzaji akikwambia yake ni ya magome, chemsha kipande chembamba dakika moja. Ya magome itajikunja na kusinyaa mbele ya macho yako; ya kromu kwa kawaida itavumilia na kutoka karibu kama ilivyoingia.

Nimeletewa soli katoni nzima zenye vipakiti vidogo ndani. Niviache au nivitupe? Arusha mjini.

Vingi ni vile vya chembechembe za kunyonya unyevu, havina neno, ila watoto wasivichezee. Kisicho na maandishi yoyote kitoe kwa glavu na usikisafirishe na ndala zako. Huko Ulaya miaka ya nyuma watu waliungua ngozi kwa sababu ya viatu na makochi yaliyowekewa vipakiti vya kuzuia ukungu vyenye dawa iitwayo dimethili fumarati, na mwaka 2009 bidhaa zenye dawa hiyo zikapigwa marufuku. Soli zenyewe zianike kivulini kwenye upepo siku kadhaa. Zikiendelea kuwasha pua, zirudishe zote.

Fundi, mimi nakagua sampuli vizuri, lakini mzigo ukija ni mwingine. Muuzaji anasema ndio ule ule. Nimfanyeje? Majengo, Moshi.

Sampuli ikatwe vipande viwili mbele yenu wote. Nusu abaki nayo yeye, nusu yako, na kila nusu ibanwe kwa stepla kwenye risiti yenye tarehe, namba ya loti, uzito na unene mliokubaliana, na saini mbili. Mzigo ukifika usimalizie malipo mpaka umepima majora au shiti kadhaa za kutoka chini na katikati ya mzigo; za juu zimepangwa zionekane. Usikubali kupokea saa moja usiku wala mvua ikinyesha, hata dereva akisema ana haraka ya kurudi Dar. Mangi ninayenunua kwake alinuna nilipoanza mambo ya stepla. Siku hizi anaitoa mwenyewe kwenye droo nikiingia, na wateja wake wengine wameanza kuiomba.